Tusiyadharau Maneno ya Herufi Tatu

Sisi wanafunzi wa fasihi tunapenda mambo makubwa. Tukikutana kwenye semina tunazungumzia dhamira, itikadi, falsafa ya mwandishi na migongano ya kitabaka. Tukisoma kitabu cha Kiingereza tunapiga mstari chini ya maneno marefu, yale ya silabi tano sita, kisha tunakimbilia kamusi. Hakuna ubaya. Lakini katika makala haya nataka kutetea hoja moja tu: neno refu si adui wa msomaji wa kwetu, kwa sababu linajitangaza lenyewe kwamba ni geni. Linalompoteza msomaji ni lile fupi, la herufi tatu, ambalo anadhani alishamalizana nalo Kidato cha Kwanza. Nazungumzia set, get, run, put, cut, all, any, old, man. Haya tunayasoma bila kuyatazama. Na kwa maoni yangu, mhakiki asiyeyatazama haya hajaanza kuhakiki.

Mifano yangu mingi naitoa Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, nilikozaliwa na kusomea. Si kwa sababu ya kujivunia kwetu tu (ingawa hilo nalo limo!). Ni kwamba huko mtoto hukulia katika Kiha, hufundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika sekondari anakuta masomo yamegeuka kuwa ya Kiingereza, na tangu miaka ya tisini amekuwa jirani wa watu waliosoma kwa Kifaransa. Hizo ni lugha nne katika eneo moja. Mahali kama hapo neno fupi haliwezi kuficha tabia zake.

Daftari la safu mbili

Chukua daftari la msamiati la mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza au cha pili. Utakuta ukurasa umegawanywa kwa mstari wa rula: kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. Book ni kitabu. Run ni kimbia. Get ni pata. Kila neno lina mwenzake mmoja, kama watu waliofunga ndoa. Likizo iliyopita mdogo wangu aliniletea daftari lake la namna hiyo. Kila mstari umejaa isipokuwa mmoja. "Dada," akasema, "hii set ni nini hasa? Kila kitabu kinasema lake."

Alikuwa na haki ya kulalamika. Kwa Kiingereza jua lina-set, yaani linatua. Meza ina-set-iwa, yaani inaandaliwa. Mtego unategwa, mtihani unatungwa, saa inarekebishwa, mfupa uliovunjika unaungwa, saruji inashika. Vyote hivyo ni set. Vyombo vya chai vilivyonunuliwa pamoja ni set, na sisi tumekwisha kuliazima tukasema seti. Hata vitabu teule tunavyosomea fasihi, kwa Kiingereza vinaitwa kwa neno hilo hilo. Sasa mwanafunzi aandike nini kwenye safu ya kulia? Akiandika "weka" atakuwa amepata maana moja na kupoteza nyingine zote.

Wala si wanafunzi wa Kasulu peke yao wanaosumbuka. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka mwaka 1989 likiwa na majuzuu 20, neno set ndilo lililochukua nafasi kubwa kuliko maneno mengine yote. Baadaye wahariri walipolipitia upya neno run, likalipiku: kitenzi hicho peke yake kikaonekana kuwa na maana zaidi ya 600. Fikiria, jamani. Herufi tatu, maana mia sita! Maneno marefu ya kitaalamu mengi yana maana moja au mbili, basi.

Kwa nini yawe mafupi?

Mtu anaweza kuuliza: je, ni bahati tu kwamba maneno yenye maana nyingi ndiyo mafupi? Hapana. Mmarekani George Kingsley Zipf alilishughulikia suala hili. Mwaka 1935 alionyesha kwamba maneno yanayotumika mara nyingi katika lugha huwa na mwelekeo wa kuwa mafupi. Mwaka 1945 akaonyesha tena kwamba maneno yanayotumika mara nyingi ndiyo yenye maana nyingi zaidi. Ukiziunganisha hoja hizo mbili unapata jibu. Neno linalotumika kila siku watu hawataki kulivuta, kwa hiyo linabaki fupi. Na kwa kuwa lipo mdomoni muda wote, kila jambo jipya likitokea watu hulichukua lile lile walilo nalo badala ya kutunga jipya.

Ni kama panga la nyumbani. Jembe ni la kulimia na mundu ni wa kukatia nyasi, lakini panga utalikuta linachanja kuni, linamenya muwa, linafyeka njia na hata kuchimba kishimo cha kupandia mche. Ubora wa kifaa kama hicho uko katika kushikika upesi.

Hata hivyo, tusichanganye mambo mawili ambayo wanaisimu wameyatenganisha vizuri. Kuna polisemia, ambapo neno moja limezaa maana nyingi zinazohusiana. Run ni la namna hiyo: mtu anakimbia, mto unakwenda, mashine inafanya kazi, kampuni inaendeshwa. Wazo la mwendo limo kote. Halafu kuna homonimia, ambapo maneno mawili tofauti, yenye asili tofauti, yamekutana kwa sura tu. Pen ya kuandikia imetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya unyoya, kwa sababu zamani watu waliandika kwa unyoya wa ndege. Pen ya mifugo, yaani zizi, ni neno jingine la Kiingereza cha kale. Hawana undugu. Ear ya kichwani na ear ya mahindi ni vivyo hivyo. Mwanafunzi wa kwetu aliyezungukwa na mashamba ya mahindi hushawishika kuamini kwamba Waingereza waliona hindi limetokeza kwenye bua kama sikio. Ni wazo zuri la kishairi, lakini kihistoria maneno hayo yalikuwa mawili na sauti zake ndizo zilizokuja kufanana.

Neno set lenyewe limechanganya yote mawili. Kitenzi ni cha asili ya Kigermaniki cha kale, ambacho ndicho mzizi wa Kiingereza. Lakini nomino yake, ile ya kundi la vitu au watu, kwa sehemu imetokana na neno la Kifaransa cha kale lililohusu kundi la wafuasi. Njia mbili zimekutana, na leo hakuna anayeona pa kuzitenga.

Kiswahili nacho kinayo yake

Kabla hatujawacheka Waingereza, tujitazame. Kaa ni mnyama wa pwani mwenye magando, ni kipande cha moto, tena ni kitenzi cha kuketi au kuishi. Paa ni mnyama, ni sehemu ya juu ya nyumba, tena ni kitenzi cha kwenda angani. Vua ni kutoa nguo mwilini na ni kutoa samaki majini. Jua linawaka na jambo tunalijua. Ua tunalichuma, ua tunaupita kuingia nyumbani, na ua tumekatazwa na amri ya sita.

Mbona basi hatupotei? Kwanza tunaokolewa na ngeli. Nikisema paa huyu, hakuna atakayetazama juu. Nikisema paa hili, hakuna atakayetafuta bunduki. Kiambishi kimefanya kazi ambayo Kiingereza hakiwezi kuifanya, maana nomino za Kiingereza hazina upatanisho wa aina hiyo. Pili, vitenzi vyetu vinabeba viambishi tamati. Pata peke yake ni neno pana kama get, lakini likisharefushwa linajieleza: patana, patia, patikana, patwa. Kiingereza, kwa kukosa viambishi hivyo, kinakipachika kitenzi kwenye vijineno: get up, get in, get off, get by. Mwanafunzi anajua get, anajua up, akiviweka pamoja anapata "pata juu", kumbe mtu anaamka tu kitandani.

Na ngeli zikishindwa, jirani wa neno huokoa. Mto wa maji na mto wa kulalia vyote ni mto huu, mito hii. Lakini nikisema nimevuka mto Malagarasi, hakuna atakayedhani nimeruka kitanda. Neno hujulikana kwa lilioketi nalo, kama mtu ajulikanavyo kwa marafiki zake.

Kuna tofauti nyingine ambayo naona inatupita. Neno la herufi tatu katika Kiingereza mara nyingi ni shina tupu. Katika Kiswahili laweza kuwa sentensi nzima. Andika ale. Kwa Mwingereza hiyo ni aina ya pombe. Kwetu sisi a- ni mtenda, -l- ni mzizi wa kula, -e ni hali ya kutaka au kuruhusu. Andika awe. Kwa Mwingereza ni kicho, ule mchanganyiko wa hofu na heshima. Kwetu ni matakwa kwamba mtu fulani awe kitu fulani. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili amezoea kwamba hata neno dogo limeshamwambia nani anafanya na kwa hali gani. Anapokutana na shina la Kiingereza lililo uchi, analivisha mwenyewe maana ya kwanza iliyo karibu, halafu anaendelea na safari. Hapo ndipo kosa huingia kimyakimya.

Sauti isiyoandikwa

Waha tuna somo jingine ambalo Kiswahili hakitupi. Kiha ni lugha ya toni. Lotta Harjula, mtaalamu kutoka Finland, aliieleza sarufi yake katika kitabu kilichotoka mwaka 2004, na kila mzee wa Heru Juu anaijua bila kusoma kitabu chochote: kupanda na kushuka kwa sauti, na kurefuka kwa irabu, huweza kubadili neno. Ndugu zetu wa karibu, Kirundi na Kinyarwanda, wako hivyo hivyo. Mfano unaotajwa sana ni inda. Ukiutamka kwa toni moja ni tumbo, ukiutamka kwa nyingine ni chawa. Mwandishi wa kawaida haweki alama yoyote ya toni. Karatasini maneno ni yale yale, na msomaji ndiye anayeyatenga kwa akili.

Kiingereza hakina toni ya namna hiyo, lakini kina maneno mafupi yanayoandikwa sawa na kutamkwa tofauti. Row ya kupiga kasia na row ya ugomvi si sauti moja. Sow ya kupanda mbegu na sow ambaye ni nguruwe jike si sauti moja. Bow ya mshale na bow ya kuinama vilevile. Mtoto aliyekulia katika Kiha yuko tayari kabisa kuelewa jambo hili, kwa sababu lugha ya mama yake ilimfundisha kwamba maandishi hayasemi kila kitu. Tatizo ni kwamba darasani hakuna anayemkumbusha kuwa analo somo hilo tayari. Anaambiwa Kiha akiache getini.

Lugha ya nne

Sasa twende Nyarugusu. Kambi hii iliyoko wilayani Kasulu ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire. Mwaka 2015 ilipokea Warundi wengi waliokimbia machafuko ya kisiasa nchini kwao, na mwaka huo huo kambi ya Nduta, upande wa Kibondo, ikafunguliwa tena. Watoto wa Kikongo walisoma kambini kwa mtaala wa kwao, ambao lugha yake ni Kifaransa. Kwa hiyo katika wilaya moja mmekutana wasomaji wawili, mmoja wa shule zetu na mmoja wa Kifaransa, na karatasi moja.

Waandikie wote wawili herufi hizi: b, u, t. Wa kwetu atasema "lakini". Mwenzake atasema "lengo", au goli kama anafikiria mpira. Andika car: huyu anaona gari, yule anaona "kwa sababu". Andika fin: huyu, kama anasoma baiolojia, anaona pezi la samaki, yule anaona mwisho. Andika son: huyu anaona mtoto wa kiume, yule anaona "yake". Hakuna aliyekosea. Kila mmoja amesoma sawasawa katika lugha yake. Ninachotaka tukione ni kwamba maana haikai ndani ya zile herufi tatu. Inaletwa na lugha, na sauti, na maneno ya jirani, na mtu anayesema. Daftari la safu mbili linamfundisha mtoto kinyume chake.

Na jambo hili lina gharama. Karatasi ya mtihani ikisema all katika sehemu A na any katika sehemu B, herufi tatu zimeamua kazi ya saa nzima. Tangazo la Kiingereza likisema mtu may kufanya jambo fulani, je, ameruhusiwa, au inasemwa tu kwamba huenda akafanya? Kiswahili kina "ruksa" na kina "huenda", nayo ni mambo mawili mbalimbali. Kwa mtu anayesoma barua inayohusu maisha yake, tofauti hiyo si ya kitaaluma.

Nani aliyekata?

Nitaje neno moja linalokutanisha yote niliyosema. Ni cut. Watu wengi huamini kwamba kata ya Kiswahili ni cut ya Kiingereza iliyovaa irabu. La hasha. Kata ni mzizi wa Kibantu. Warundi nao husema gukata, na lugha nyingi za Kibantu zinalo, tangu kabla Mwingereza yeyote hajafika huku. Kufanana ni bahati tu. Nasi tumelipa letu mizigo yake: kata ni kitendo, kata ni chombo cha kuchotea maji, kata ni ule mduara wa nguo au majani anaoweka mama kichwani chini ya ndoo, na kata ni eneo la utawala lenye diwani wake.

Lakini tazama tofauti. Kitenzi cut hakibadiliki kwa wakati. Leo ni cut, jana ni cut, kilichokwisha kukatwa ni cut, na nomino yake ni cut. Put, set, let na hit ni vivyo hivyo. Mwaka 2017, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa chakula kwa wakimbizi waliokuwa Tanzania kwa sababu ya uhaba wa fedha. Habari kama hiyo kwa Kiingereza inaweza kuandikwa kwa maneno mawili, mgao na cut, ikatosha kuwa kichwa cha habari. Jaribu kuitafsiri. Kiswahili kinakushika shati: mgao umekatwa? Ulikatwa? Unakatwa? Utakatwa? Wameukata? Akina nani? Huwezi kufungua mdomo bila kuchagua wakati, na ukiacha kumtaja mtenda itabidi utumie kauli ya kutendwa, ambayo kila msikilizaji anajua kwamba inamficha mtu. Neno la Kiingereza limepita kati ya maswali yote hayo bila kujibu hata moja.

Hapa ndipo ninapoona isimu inageuka kuwa uhakiki. Kuuliza "nani aliyekata?" ndiyo kazi yetu.

Maneno mafupi kwenye majalada

Tuje sasa kwenye vitabu. Mwaka 1956 Ferdinand Oyono wa Kameruni alichapisha riwaya kwa Kifaransa, Le Vieux Nègre et la médaille. John Reed aliitafsiri kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1967 kwa jina The Old Man and the Medal. Inamhusu Meka, mzee aliyelitoa shamba lake kwa misheni na ambaye wanawe wawili walikufa vitani wakiipigania Ufaransa. Wakoloni wanamwita avishwe nishani. Anasimamishwa juani ndani ya duara lililochorwa kwa chokaa, anavishwa, watu wanasherehekea. Usiku ule ule, baada ya dhoruba, anakamatwa akizurura upande wa Wazungu, anapigwa na kutiwa ndani kama mhuni.

Katika jina la Kiingereza mna maneno mawili ya herufi tatu tunayoyaruka: old na man (the naiacha, ingawa nayo ina mambo yake). Neno nègre, lililobeba dharau yote ya ukoloni, limeondoka, mahali pake pameketi man. Jina limetakaswa. Pengine ni kwa nia njema, lakini msomaji wa Kiingereza hasikii tena mlangoni lile tusi ambalo msomaji wa Kifaransa alilisikia kabla hajafungua kitabu.

Halafu linakuja old. Mwanafunzi wa Kasulu akisoma old man, kichwani mwake linakuja neno moja tu, nalo ni mzee. Na mzee kwetu si umri tu. Ni cheo. Mzee huamkiwa kwanza, hupishwa kiti, na haitwi kwa jina lake tupu. Kwa hiyo msomaji wetu, bila kujua, ameshampa Meka heshima yote ambayo riwaya itatumia kurasa zake kuonyesha akinyimwa. Lakini old ya Kiingereza inaweza kuwa pia kuukuu, kama nguo iliyochakaa, au ya zamani, kitu ambacho muda wake umekwisha. Kwa wanakijiji wake Meka ni old ya kwanza. Kwa polisi wanaomkamata usiku ni old ya pili: kitu kimeshatumika, kinaweza kutupwa. Ukilitafsiri jina upesi upesi kuwa mzee, umekwisha kuamua upande mmoja wa mgogoro kabla hujasoma ukurasa wa kwanza. Swali la mhakiki liwe: ni mzee machoni pa nani?

Mfano wa pili ni A Man of the People ya Chinua Achebe, ya mwaka 1966. Kwa Kiswahili riwaya hiyo inajulikana kama Mwakilishi wa Watu. Tazama, man imekuwa mwakilishi! Uamuzi huo una sababu, maana Chifu Nanga ni mbunge na ni waziri. Lakini katika mazungumzo yetu tunayo kauli nyingine, mtu wa watu, yaani mchangamfu, anayependwa, asiye na makuu. Nanga ni huyo pia, na uchungu wa riwaya uko hapo hapo: watu wanamwona anakula mali yao na bado wanampenda kwa sababu ni mwenzao. Neno mwakilishi limetupa kazi yake. Halikutupa mapenzi ya watu kwake, na bila mapenzi hayo kejeli ya Achebe inapungua makali. Man, kwa uvivu wake wote, iliyabeba mambo yote mawili.

Simlaumu mfasiri. Kila mfasiri wa Kiswahili lazima achague, kama Mwalimu Nyerere alivyochagua mwaka 1969 kumfanya mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare kuwa mabepari, tena kwa wingi. Ninachosema ni kwamba uchaguzi huo ni uhakiki. Mfasiri ametoa hukumu juu ya kitabu kwa neno moja, na sisi tuna wajibu wa kuisoma hukumu hiyo kama tunavyosoma insha ya mhakiki.

Tufanyeje?

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya isimu, tuwaachie wenzetu wa idara ile. Wengine watasema muda hautoshi: mitihani inakaribia, tunadesa na kusonga mbele. Nawaelewa wote. Ila sioni mtu atawezaje kujadili ukoloni katika riwaya ya Oyono huku ameruka neno linaloonyesha jinsi wakoloni walivyomwona Meka.

Mimi napendekeza maswali matatu tu kila tukutanapo na neno fupi mahali penye uzito, kama vile jina la kitabu, mwanzo wa sura, au kinywani mwa mhusika mwenye madaraka. Kwanza, neno hili limeketi na maneno gani? Pili, nani analisema, na kumwambia nani? Tatu, nikilitia katika Kiswahili, au katika Kiha, lugha yangu inanilazimisha kuchagua nini? Hili la tatu ndilo mali yetu. Mwanafunzi asiyejua lugha nyingine ila Kiingereza anaweza kuisoma cut mara mia asione kwamba mtenda hayupo. Sisi tunaona mara ya kwanza, kwa sababu viambishi vyetu vinadai jibu. Tumezoea kuambiwa kwamba lugha zetu ni kikwazo cha kusoma Kiingereza. Katika jambo hili ni darubini.

Na kwa walimu wa sekondari za Kasulu na Kibondo, ambao baadhi yetu tutaungana nao karibuni, ombi langu ni dogo. Tuiondoe safu ya kulia kwenye daftari la msamiati. Badala ya "set: weka", mtoto aandike sentensi tatu zenye set, kila moja na Kiswahili chake. Daftari litajaa upesi, kweli, na fedha ya daftari jingine si jambo dogo kwa wazazi wetu. Lakini mdogo wangu alipoandika jua linatua, mtego unategwa na mtihani unatungwa, moja chini ya nyingine, hakuniuliza tena set ni nini hasa. Aliniuliza kwa nini Kiswahili kina maneno matatu pale Kiingereza kinapotumia moja. Hilo ni swali la mhakiki, na limeulizwa na mtoto wa kidato cha pili.

Mjadala naufungua. Anayeona nimetia chumvi aniletee ukurasa wowote wa riwaya yoyote ya Kiingereza. Tuyaache maneno marefu yote kwa kamusi, tukae na yale ya herufi tatu peke yake, tuone tutamaliza saa ngapi.